Kutoka Nikon D7000 kwenda kamera ndogo isiyo na kioo: anza na lenzi zako

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nipo Dodoma. Nina Nikon D7000, lenzi ya 18-105mm VR, 50mm f/1.8D, 70-300mm VR na flashi ya SB-700. Wikiendi napiga picha za kipaimara, sendofu na ibada. Nikipata nafasi naenda Bwawa la Hombolo kupiga ndege, au Kondoa kwenye michoro ya miambani. Begi limekuwa zito na mgongo unalalamika. Nataka kuhamia kamera ndogo za kisasa zisizo na kioo. Je, lenzi zangu zitafanya kazi? Ninunue ipi, na hii ya zamani niiuze?

Jibu: Nzuri, ndugu. Hama, lakini usiiuze D7000, na usihame na mzigo wote. Ukinunua kamera ndogo kisha ukazifunga lenzi zako zote kwa adapta, utakuwa umelipia wepesi usioupata. Hesabu yake hii hapa.

D7000 ikiwa na betri ina gramu 780. Lenzi ya 18-105 ni gramu 420, ya 70-300 ni 745, ya 50 ni kama 155. Jumla gramu 2,100, na flashi bado haijaingia. Sasa chukua Nikon Z50, ambayo nitaitumia kama kipimo humu kwa sababu ndiyo familia inayopokea lenzi zako: ikiwa na betri na kadi ina gramu 450. Ongeza adapta ya FTZ II yenye gramu 125 na lenzi zako zilezile tatu, unafika 1,895. Umepunguza gramu mia mbili na kidogo. Lakini Z50 hiyohiyo ukiipa lenzi ndogo zilizotengenezwa kwa ajili yake, yaani 16-50 VR ya gramu 135, 50-250 VR ya gramu 405 na 40mm f/2 ya gramu 170, jumla ni gramu 1,160. Hapo ndipo mgongo utasikia tofauti.

Sababu iko kwenye mdomo wa kamera, pale lenzi inapofungwa. Ndani ya D7000 kuna kioo kinachorusha picha juu kwenye tundu la kuangalizia, na kioo hicho kinahitaji nafasi ya kupanda na kushuka. Ndiyo maana kutoka mdomo hadi kihisi, lile bamba linalopokea mwanga, kuna milimita 46.5. Kwenye kamera za Z kioo hakipo, na umbali huo umebaki milimita 16. Lenzi yako ya zamani bado inadai milimita zake 46.5, kwa hiyo kazi kubwa ya adapta ni kurudisha zile 30.5 zilizoondolewa. Haina vioo vya lenzi ndani, wala haiharibu ubora wa picha. Ni bomba lenye nyaya za mawasiliano na kijiti cha kufungua na kufunga tundu la lenzi.

Tuzipitie lenzi moja moja.

Ya 18-105 itafanya kazi yote kwenye adapta: fokasi, VR (kitulizo cha mtikisiko wa mkono), kila kitu. Ila ikiwa na FTZ II inakuwa gramu 545, na 16-50 inafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa robo ya uzito. Iache kwenye D7000, wameshazoeana.

Ya 70-300, kama ni ile ya AF-S VR ya gramu 745, nayo inahama bila shida, na hii ndiyo pekee inayostahili kununuliwa adapta. Kwa ndege wa Hombolo, tofauti ya milimita 250 na 300 inaonekana. Ukiweka tripodi, zima VR kwa swichi iliyo kwenye lenzi. Ukipata FTZ ya kwanza kwa bei nafuu, kumbuka ina mguu unaoshuka chini ya kamera na hugombana na bamba la tripodi. FTZ II haina mguu huo.

Tatizo ni ile 50mm f/1.8D. Lenzi za D za aina hii hazina mota. Zinazungushwa na mota iliyo ndani ya kamera kupitia skrubu ndogo utakayoiona ukichungulia kwenye mdomo wa D7000. Bodi za Z, yaani kamera zenyewe bila lenzi, hazina mota hiyo, na FTZ zote mbili hazina. Lenzi itapima mwanga vizuri, itafunga na kufungua tundu lake vizuri, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono. Ukitaka kuitumia hivyo, weka pete yake kwenye f/22 na uifunge hapo, kisha washa alama za rangi zinazoonyesha kingo zilizo kwenye fokasi na ukuze picha kwenye kitazamio, yaani tundu la kuangalizia. Kwa michoro ya Kolo kule Kondoa, ambayo haikimbii, utafurahi. Kwa mtoto wa kipaimara anayetembea kuelekea altareni ukiwa f/1.8, tundu wazi kabisa, utarudi nyumbani na masikio makali na macho yenye ukungu. Mbadala wake ni 40mm f/2 niliyoitaja, au DX 24mm f/1.7 kama unapiga sana ndani ya vyumba vidogo.

Hii ya mota huwa haisemwi dukani. Muuzaji atakwambia "lenzi za Nikon zote zinaingia", na kweli zinaingia.

Flashi yako ya SB-700 inakaa kwenye kiti cha Z50 na inapima mwanga yenyewe kama kawaida. Utapoteza mambo mawili. La kwanza dogo: kasi ya juu ya shata kwa flashi ya kawaida inashuka kutoka 1/250 hadi 1/200. La pili ni kubwa kwa mtu wa kumbini: ile taa nyekundu ya SB-700 inayosaidia fokasi gizani haitawaka, maana kamera za Z haziitumii. Kamera ina taa yake ndogo ya mbele, lakini haifiki mbali na inawaudhi watu machoni. Kwa hiyo MC akizima taa maharusi waingie, usitegemee 16-50, ambayo ukivuta hadi 50 inabaki f/6.3. Funga 40mm f/2, na uelekeze alama ya fokasi kwenye ukingo wenye tofauti kali, kola nyeupe juu ya koti jeusi kwa mfano, badala ya shavu.

Ukitumia triga za kawaida, vile vifaa vya kuwashia flashi za pembeni bila waya, kitazamio kinaweza kuwa cheusi kabisa. Kamera haijafa. Kitazamio cha kamera hizi ni skrini ndogo inayokuonyesha picha itakavyotoka kwa mipangilio uliyoweka, na haijui kwamba kuna flashi itakayowaka. Ingia kwenye menyu, tafuta kipengele cha kuonyesha mipangilio kwenye kitazamio, kizime. Ukimaliza kazi ya flashi kiwashe tena, kwa sababu bila flashi ndicho kitakachokuokoa: unaona uso umeungua kwa mwanga kabla hujabonyeza.

Sasa ibada. Kamera hizi zina shata ya kielektroniki isiyo na sauti hata kidogo, na utashawishika kuiacha imewashwa siku nzima. Usifanye hivyo. Shata hiyo husoma kihisi mstari kwa mstari, na kwenye Z50 usomaji si wa haraka sana. Taa nyingi za LED za kumbini na makanisani zinamemeta, na umeme wetu wa hezi 50 unazifanya zimemete mara 100 kwa sekunde. Matokeo yake ni mistari ya giza inayokatiza picha, na haifutiki kirahisi kwenye kompyuta. Mtu akigeuka haraka, naye anapinda. Tumia ukimya pale mwanga wa dirishani unapotawala na watu wametulia, mathalani wakati wa sala. Kwingine rudi kwenye shata ya kawaida, ambayo tayari ni tulivu kuliko kishindo cha kioo cha D7000. Chini ya LED baki kwenye 1/100 au 1/50 inapowezekana, na washa kipengele cha kupunguza kumemeta. Video nazo zipige kwa fremu 25 na shata ya 1/50. Ukichagua 30 kwa sababu namba ni kubwa, taa zitacheza. Ukimya pia huzima flashi, kwa hiyo flashi ikigoma kuwaka, anza kuangalia hapo kabla ya kulaumu betri.

Kwa Dodoma lazima tuzungumze vumbi kwa kirefu. Kwenye D7000 kuna kioo na pazia la shata mbele ya kihisi muda wote usipopiga. Kwenye Z50 ukitoa lenzi, kihisi kinakutazama uchi, hata kamera ikiwa imezimwa. Zaidi ya hapo, D7000 ina mtambo mdogo unaotikisa kihisi kuangusha vumbi, na Z50 haina. Kuanzia Juni hadi Novemba, upepo ukivuma na barabara za pembezoni zikiwa unga, hilo ni tatizo la kila wiki. Usibadilishe lenzi kwenye maegesho ya Uwanja wa Jamhuri wala kando ya barabara ya Hombolo. Ingia ndani ya gari, pandisha vioo, zima kiyoyozi kisirushe vumbi, zima kamera, elekeza mdomo wake chini, na uwe na lenzi ya pili mkononi ikiwa imeshafunguliwa kifuniko cha nyuma. Vifuniko vya nyuma vya lenzi ndivyo vinavyobeba vumbi zaidi ya hewa, kwa hiyo vioshe kwa sabuni na uvikaushe kabisa mara kwa mara. Adapta nayo ina midomo miwili ya kufunika. Njia bora ni kuibakiza kwenye 70-300 moja kwa moja, kana kwamba ni sehemu ya lenzi.

Kupima vumbi: weka f/16, ISO 100, fokasi kwa mkono hadi picha iwe na ukungu kabisa, piga anga tupu au ukuta mweupe huku ukiisogeza kamera kidogo. Madoa yanayokaa palepale kwenye picha mbili ni vumbi la kihisi. Anza na pampu ya mpira ya kupulizia, kamera ikitazama chini. Usipulize kwa mdomo, mate yatabaki, na usitumie makopo ya hewa ya kusafishia kompyuta, kwa sababu hutema kimiminika baridi. Doa lisipotoka ndipo utumie kifito cha kusafishia cha milimita 16 chenye matone mawili ya dawa yake, mpitisho mmoja kwenda, mmoja kurudi kwa upande wa pili, kisha ukitupe.

Jua letu pia lina hila yake. Usiiache kamera mezani nje tundu la kuangalizia likitazama jua. Kioo kidogo cha mbele yake hukusanya miale na kuichoma skrini ya ndani, na doa lake halifutiki. Kadhalika usiiache lenzi bila kifuniko ikielekea jua, maana hakuna kioo cha kukinga kihisi. Na kwa kuwa skrini ya nyuma haionekani saa sita mchana, bodi zisizo na kitazamio kama Nikon Z30 au Sony ZV-E10 zisikuvutie kwa bei. Zimetengenezwa kwa wapiga video wanaojirekodi.

Betri ndiyo itakayokushtua wiki ya kwanza. D7000 kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, hutoa picha 1,050 kwa chaji moja, Z50 kama 300. Kwenye sherehe, unapopiga mfululizo, utapata zaidi ya hapo, lakini kamera sasa inakula umeme hata unapotazama tu. Betri zako za EN-EL15 haziingii, Z50 inatumia EN-EL25. Nunua mbili za ziada, na kwa harusi ya siku nzima ziwe tatu. Faida ni kwamba inachajiwa kwa waya wa USB ikiwa imezimwa, kwa hiyo umeme ukikatika pawabenki inatosha. Waya wake ni ule wa zamani wa micro-USB. Z50 II iliyotoka 2024 ndiyo yenye USB-C.

Kadi: D7000 ina matundu mawili, Z50 ina moja, na liko chini pamoja na betri. Hii ndiyo sababu kubwa ya kutoiuza D7000. Kazi ya mtu aliyekulipa isikae kwenye kadi moja ya mashaka. Nunua kadi ya UHS-I yenye alama ya V30, maana ya UHS-II hapa ni kupoteza fedha. Video ya 4K ya Z50 hufikia megabiti 144 kwa sekunde, sawa na megabaiti 18, kwa hiyo gigabaiti 64 zinajaa kwa takribani saa moja. Kadi bandia ni nyingi sokoni. Kabla ya kuiamini, ijaze yote kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta uone kama ukubwa ulioandikwa ni wa kweli.

Kitu kingine kinachosahaulika ni kompyuta. Kama bado unatumia Lightroom 6 ile ya kununua mara moja, haitafungua faili ghafi (RAW) za Z50, kwani ilisitishiwa masasisho mwaka 2017 na kamera ilitoka 2019. Pakua NX Studio ya Nikon, ni ya bure, au zigeuze kwa Adobe DNG Converter, nayo ya bure.

Je, picha zitakuwa nzuri zaidi? Mchana, kwa chapa ya A4 au ya kutuma WhatsApp, hutaona tofauti kati ya megapikseli 16 na 20.9. Anayekwambia vinginevyo anauza. Utakachopata ni fokasi inayolifuata jicho hadi pembezoni mwa fremu, video ya 4K, kutuma picha kwenye simu papo hapo, na usiku wenye chembechembe chache. Kwa ndege wanaoruka sitaisifu Z50. Ukiweka picha 11 kwa sekunde, kitazamio kinaanza kukuonyesha picha zilizopita badala ya ndege alipo sasa. Shusha hadi 5 utamfuata vizuri zaidi. Kama ndege ndio moyo wako, subiri upate fedha ya Z50 II, ambayo ina utambuzi wa ndege, ingawa ina gramu 550. Zote mbili hazina kitulizo cha mtikisiko ndani ya bodi. Kwa hiyo kwenye vivuli vya miamba ya Kolo, ambako flashi usiiwashe kabisa, 16-50 yenye VR au tripodi itakufaa kuliko 40mm, ambayo mkononi usiishushe chini ya 1/60.

Kuhusu chapa nyingine nitasema kidogo. Sony a6400 na Canon R50 ni kamera nzuri, lakini kwako ni kuanza upya: 70-300 haitakuwa na fokasi ya kutegemewa, na SB-700 haitapima mwanga. R50 ina mtego wake pia, kiti chake cha flashi hakina miguso ya kawaida, na flashi au triga nyingi hudai kwanza adapta ya AD-E1. Ukikuta Sony ya bei ya kushangaza, fungua menyu ya lugha kabla hujalipa. Zile za soko la Japani huwa na Kijapani pekee.

Ukienda Kariakoo kutafuta iliyotumika, nenda na lenzi yako, kadi yako na kompyuta mpakato. Piga ile picha ya f/16. Piga nyingine ya sekunde 10 kifuniko kikiwa kimefungwa, kisha tafuta nukta za rangi zinazong'aa. Ziba kitazamio kwa kidole uone kama skrini inahama. Kunja na kunjua skrini mara kadhaa. Soma idadi ya mibofyo ya shata kutoka kwenye faili ya JPEG uliyopiga palepale. Angalia mdomo wa 16-50 kwa uangalifu, ni wa plastiki na hupasuka kamera ikianguka. Yote haya yafanyike kabla hujawaza treni ya kurudi.

Fedha isipotosha kwa mara moja, nunua kwa mpangilio huu: bodi pamoja na 16-50, betri mbili na kadi mbili kwanza. Halafu 40mm f/2. Adapta iwe ya tatu, msimu wa Hombolo ukifika. Ile 50-250 inaweza kusubiri kabisa, kwa sababu adapta na 70-300 zitashika nafasi yake kwa safari za gari. Katika miezi miwili ya mwanzo peleka kamera zote mbili kwenye kazi za kulipwa, D7000 ikiwa na 18-105 na kadi mbili ndani, mpaka vidole vyako vijue vibonyezo vipya bila kuangalia.